Laptopu haichaji: anzia ukutani, malizia kwenye bodi

Laptopu ikigoma kuchaji, wengi hukimbilia kununua betri, kwa sababu ndiyo spea wanayoijua na ndiyo muuzaji anayo dukani. Kumbe umeme hupita kwanza kwenye soketi na plagi, chaja, waya na ncha yake, tundu la chaji, kisha saketi ya kuchajia iliyo kwenye bodi kuu. Betri hufikiwa mwishoni kabisa. Chochote kati ya hivyo kikiharibika, kwenye skrini unaona jambo lilelile: asilimia hazipandi. Kwa hiyo kazi huanzia ukutani na kuingia ndani hatua kwa hatua, na hela haitoki mfukoni mpaka sehemu mbovu ijulikane.

Mwongozo huu unalenga zaidi mashine zinazouzwa kwa wingi Kariakoo na katikati ya Nairobi: HP, Dell na Lenovo za ofisini zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika huku. MacBook zimetajwa panapohitajika. Uwe na multimita (kifaa cha kupima umeme) ya bei nafuu, bisibisi ndogo ya nyota na kadi ya plastiki ya kufungulia mfuniko. Kama mashine inachaji kwa USB-C, ongeza kipima-USB-C kidogo kinachoonyesha volti na ampia. Lakini kitu cha thamani kuliko vyote ni chaja nyingine nzima ya kuazima, yenye ncha ileile na wati zilezile.

Kabla ya kupima chochote, kagua kama betri imevimba

Weka mashine mezani uitazame kwa ubavu. Tachipadi ikiwa imeinuka au haibonyezeki, kibodi imetuna katikati, au mfuniko wa chini umeachana na fremu, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, na usiichaji tena hata kidogo. Wapo wanaoitoboa ili itoe gesi, na wapo wanaoibana kwa skrubu ili mfuniko ufunge. Yote mawili ni hatari ya moto: ndani ya betri ya lithiamu tabaka chanya na hasi zimetenganishwa na utando mwembamba sana, na zikigusana hulipuka kwa moto wenye moshi wa sumu. Betri itolewe, iwekwe kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mpaka ifikishwe panapopokelewa taka za kielektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda kuna kituo cha Enviroserve kule Bugesera. Mashine iliyokuwa na betri ya namna hii mara nyingi ni nzima kabisa na inahitaji betri mpya tu.

Hakuna taa, hakuna dalili yoyote

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo uone kama inafanya kazi. Ikifanya, tazama plagi. Plagi za pini tatu bapa zinazotumika Tanzania, Kenya na Uganda huwa na fyuzi ndani, na kwenye waya wa laptopu mara nyingi ni ya ampia 3. Kwenye plagi iliyomiminwa, kidirisha cha fyuzi kiko katikati ya pini, kinatolewa kwa bisibisi bapa. Weka multimita kwenye alama ya mlio, gusa ncha mbili za fyuzi. Ikilia ni nzima, ikinyamaza imeungua. Weka nyingine ya ampia zilezile, usifunge kipande cha waya wala karatasi ya fedha ya sigara. Ikiungua tena mara tu unapochomeka, chaja ina shoti ndani, tafuta nyingine.

Waya unaotoka ukutani hadi kwenye kiboksi cha chaja huchomoka, na ni rahisi kuubadilisha kabla ya kuilaumu chaja. Wenye matundu matatu kama majani wa HP unaingia kwenye chaja ya Dell au Lenovo bila shida, kwani upande huo hupita umeme wa ukutani tu. Wenye umbo la namba nane ndio unaokuta kwenye redio na ving'amuzi vingi. Mashine zilizotoka Ulaya huja na plagi ya pini mbili za duara na watu huzitumia na adapta iliyolegea. Ukisikia mlio wa cheche kwenye adapta hiyo, iache. Waya wenye plagi sahihi ni nafuu kuliko chaja.

Sasa pima ncha ya chaja yenyewe. Soma lebo: HP na Dell nyingi hutoa volti 19.5, Lenovo volti 20. Chaja ikiwa ukutani na haijachomekwa kwenye laptopu, weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyekundu iguse ukuta wa ndani wa ncha ya chaja, nyeusi iguse ukuta wa nje. Kosa linalofanyika sana ni kugusa kile kipini chembamba cha katikati. Kwenye HP na Dell hicho ni cha mawasiliano, hakibebi umeme wa kuchajia, na ukikipima utaihukumu chaja nzima kuwa imekufa. Ukipata kati ya volti 18.5 na 20.5, chaja inatoa umeme. Ukipata sifuri, au namba inayopanda na kushuka, chaja au waya wake umeharibika.

Volti nzuri bila mzigo si uthibitisho kamili. Kapasita (vijenzi vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi) zilizochoka ndani ya chaja huweza kutoa volti 19.5 ikiwa haijabebeshwa kitu, halafu zikaanguka laptopu inapoomba ampia tatu. Dalili yake: taa ya chaja inapepesa, au mashine inachaji ikiwa imezimwa na kukataa ikiwashwa. Chaja ya kuazima ndiyo inayomaliza ubishi huo.

Chaja ikithibitika nzima na mashine bado imelala, ondoa umeme uliobaki ndani. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha chomeka chaja peke yake ujaribu kuwasha. ThinkPad nyingi za Lenovo zenye betri ya ndani zina kitundu kidogo mgongoni. Chaja ikiwa nje, ingiza kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, bonyeza kwa sekunde chache, subiri dakika moja, kisha rudisha chaja. Hatua hii haigharimu kitu na hufufua mashine nyingi, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, kwani kidhibiti kidogo kinachosimamia kuwasha na kuchaji huganda katikati ya kazi.

Taa ya chaja inazima unapochomeka kwenye laptopu

Dalili hii ina maana nzito. Chaja imeona shoti upande wa pili na imejifunga ili isiungue. Chomoa, subiri taa irudi, jaribu tena mara moja tu. Ikizima tena, jaribu betri ikiwa imetolewa. Ikikubali bila betri, betri ndiyo yenye shoti. Ikikataa bila betri pia, shoti iko kwenye tundu la chaji au kwenye bodi.

Kwenye bodi, umeme wa volti 19 au 20 hupita transista mbili za kufungulia njia kabla ya kusambaa kwenda kwenye saketi nyingine. Kapasita moja ya kauri yenye ukubwa wa punje ya mchanga ikipasuka na kugusa ardhi, yaani upande hasi wa bodi, njia nzima inalala. Fundi anayeijua kazi hupima ukinzani kati ya njia hiyo na ardhi: ukiwa maelfu ya omu ni salama, ukikaribia sifuri kuna shoti. Kisha hupitisha volti moja hivi yenye ampia chache na kutazama ni kijenzi gani kinachopata moto, kwa kamera ya joto au kwa kupaka spiriti na kuangalia inakauka wapi kwanza. Kijenzi chenyewe kina thamani ndogo sana. Unacholipia ni ujuzi. Hivyo fundi akisema mara moja "bodi imekufa, tununue nyingine" bila kupima, mashine ipelekwe kwa mwingine kabla ya kukubali.

Inachaji ukiishikilia tu

Hapa kuna washukiwa wawili, waya wa chaja na tundu, na ni muhimu kuwatenganisha. Shika ncha ikiwa ndani ya tundu isitikisike, kisha kunja waya taratibu sentimita chache nyuma ya ncha. Taa ikiwaka na kuzima, waya umekatika ndani. Halafu acha waya ulale, sukuma ncha yenyewe juu na chini kidogo. Taa ikichezacheza, tundu limelegea. Rudia kwa chaja ya pili kabla ya kusema neno.

Waya uliokatika karibu na ncha unaweza kuunganishwa, lakini ndani ya chaja ya HP na Dell kuna nyaya tatu: hasi, chanya, na mmoja mwembamba unaobeba utambulisho wa chaja. Fundi akiunga mbili tu na kuuacha ule mwembamba, umeme unafika na kompyuta inawaka, ila mashine haiijui chaja. Dell itatoa ujumbe inapowaka kwamba aina ya chaja haikutambulika, itapunguza kasi ya prosesa na itakataa kuchaji betri. Mwenye mashine hudhani kosa ni jipya, kumbe limezaliwa kwenye uungaji uleule. Kipini chembamba cha katikati kikipinda au kukatikia ndani ya tundu, matokeo ni hayohayo. Kwa hiyo ukiona Dell inawaka vizuri kwa chaja lakini haichaji, mulika tochi ndani ya tundu na utazame ncha ya chaja kabla ya kutaja betri.

Tundu lenyewe lina aina mbili. Moja lina waya wake mfupi unaoingia kwenye bodi kwa soketi ndogo. Kulibadilisha ni kufungua mashine, kuchomoa kiunganishi cha betri kwanza, kutoa skrubu moja au mbili na kuweka jipya. Kazi ya nusu saa, haihitaji moto. La pili limelehemewa moja kwa moja kwenye bodi. Hilo hulegea kwa sababu lehemu imepasuka kwa kuvutwavutwa, na wakati mwingine kulilehemu upya kunatosha. Likiwa limeungua, yaani plastiki yake ni ya kahawia au linanuka moto, libadilishwe zima. Uliza fundi kama ana mashine ya hewa ya moto na dawa ya kulehemia. Anayelazimisha kwa solda ya kawaida isiyofikisha joto la kutosha huinua vipande vya shaba kutoka kwenye bodi, na hapo tatizo dogo limekuwa kubwa.

Usiendelee kuitumia kwa kuishikilia wala kuiegemezea kitabu. Kila cheche ndani ya tundu huongeza ukinzani, ukinzani huleta joto, joto huyeyusha plastiki, na mwishowe chanya na hasi hugusana.

Inaonyesha imeunganishwa, lakini haichaji

Mashine inafanya kazi kwa umeme wa ukutani, Windows inaandika "Plugged in, not charging", na asilimia zimesimama. Tazama kwanza zimesimama kwenye ngapi. Zikiwa karibu na 60 au 80, huenda hakuna ubovu wowote. Watengenezaji huweka kikomo cha kuchaji ili betri iishi muda mrefu, na laptopu iliyokuwa ikikaa mezani kwenye ofisi ya Ulaya mara nyingi hufika na kikomo hicho. Kufuta Windows na kuweka upya hakukiondoi, maana kwenye mashine nyingi kimehifadhiwa nje ya Windows. Kwenye Lenovo fungua programu ya Lenovo Vantage, sehemu ya umeme, uzime hali ya kuhifadhi betri au vikomo vya kuanzia na kuishia. Kwenye HP ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows) kwa kubonyeza F10 wakati wa kuwasha, utafute Battery Health Manager. Kwenye Dell ingia kwa F2, sehemu ya betri, na ubadilishe mpangilio unaofaa mashine ya mezani uwe wa kawaida. MacBook nayo husubiri kwenye asilimia 80 ikiwa imejifunza ratiba yako. Kama mashine haitoki mezani, kikomo hicho ni kizuri, kiache. Kitoe kama unategemea betri umeme unapokatika.

Zikiwa zimesimama kwingine, au kwenye sifuri, fuata mpangilio huu. Iache ipoe, kwa sababu betri ya lithiamu huzuiwa kuchaji ikipita takribani nyuzi 45, na laptopu iliyoachwa kwenye gari juani au iliyowekwa juu ya godoro hufika hapo kwa urahisi. Kisha iwashe tena na uingie BIOS, ambako Windows haihusiki, uone kama inaripoti kuchaji. Ikichaji humo, kosa ni la programu: fungua Device Manager, sehemu ya betri, ondoa "Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery", zima, washa, nayo itajirudisha yenyewe. HP ina vipimo vyake kwa kubonyeza F2 wakati wa kuwasha, na Dell kwa F12. Viendeshe, vinapima betri na chaja bila kufungua chochote.

Ikikataa hata ndani ya BIOS, fungua mfuniko uangalie kiunganishi cha betri. Baada ya kubadilishiwa kibodi au kuongezewa RAM, kiunganishi kisichobanwa sawasawa ni jambo la kawaida.

Betri iliyokaa miezi bila kuchajiwa ina hadithi yake. Seli ya lithiamu ikijaa hufikia volti 4.2, na ikishuka chini ya takribani volti 3 saketi ya ulinzi hufunga njia. Chaja nzuri hujaribu kuiamsha kwa mkondo mdogo sana. Ichomeke kwa saa mbili au tatu ukiwa karibu nayo. Isipoonyesha hata asilimia moja, imekufa. Usikubali ishtuliwe kwa kupelekewa umeme moja kwa moja kwenye seli. Seli iliyoshuka kupita kiasi huyeyusha shaba yake ya ndani, na ikichajiwa tena shaba hiyo hujenga njia ya shoti. Inaweza kukubali leo na kuwaka moto wiki ijayo.

Kama betri ni nzima, chaja inatambuliwa, kiunganishi kimebanwa na bado haichaji, imebaki saketi ya kuchajia: chipu yake, transista zinazoiongoza na kipima-mkondo kidogo kilicho kando yake. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.

Mashine za USB-C

Usipime ncha ya USB-C kwa multimita ukategemea jibu. Chaja ya aina hii haitoi kitu mpaka kifaa kijitambulishe, kwa hiyo sifuri si ubovu. Kikishajitambulisha hupewa volti 5, kisha hufanyika makubaliano ya kupanda hadi 9, 15 au 20. Laptopu nyingi huhitaji 20. Weka kipima-USB-C katikati. Kikionyesha volti 20 na ampia zinazobadilika, njia ni nzima. Kikibaki kwenye volti 5, makubaliano yameshindikana: kosa ni la chaja, waya, uchafu ndani ya tundu, au chipu ya mawasiliano kwenye bodi.

Waya ndio unaodanganya zaidi. Wa kawaida unabeba ampia 3, yaani wati 60 kwenye volti 20. Kupita hapo hadi wati 100 unahitaji waya wa ampia 5 wenye chipu ndani. Chaja ya simu ya wati 18 au 20 inaweza kuonyesha alama ya umeme bila kuongeza chochote mashine ikiwa imewashwa. Jaribu tundu la pili kama lipo, na hakikisha tundu unalotumia linapokea umeme, maana mengine ni ya data tu.

Kwa mwenye ThinkPad T480, X1 Carbon kizazi cha 5 au cha 6 na ndugu zake wa miaka hiyo: tundu la Thunderbolt (aina ya USB-C yenye kasi) likikataa kuchaji au kutambua vifaa, usikimbilie bodi. Lenovo ilitoa programu dhibiti mpya ya Thunderbolt kwa ajili ya tatizo hilihili. Isakinishe mapema hata kama bado mashine inachaji. Ikiwa chipu inayohifadhi programu hiyo imeshaharibika, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuiandika upya.

T480 pia ina betri mbili, moja ndani na moja inayotoka nje, na mara nyingi hufa moja tu. Pima kila moja kabla ya kununua zote. Kabla ya kufungua mfuniko, ingia BIOS kwa F1 uizime betri ya ndani, kisha ndipo uchomoe.

Inachaji kwa uvivu au inashuka ikiwa imechomekwa

Zidisha volti kwa ampia zilizo kwenye lebo ya chaja: 19.5 kwa 3.33 ni wati 65, 19.5 kwa 2.31 ni wati 45. Mashine ya wati 65 kwenye chaja ya 45 itachaji ikiwa imezimwa na kushuka ikifanya kazi nzito. Kinyume chake hakina madhara: chaja ya wati 90 kwenye mashine ya 45 ni salama, kwani mashine huvuta inachohitaji. Kinachotakiwa kulingana ni volti, ncha na utambulisho. Zile chaja za kuchagua volti kwa swichi, kuanzia 12 hadi 24, ziepukwe. Swichi ikisogea hadi 24 bodi inaungua.

Chaja feki huwa nyepesi isivyo kawaida na huandikwa wati ambazo haziwezi. Anayetumia sola na inveta ya mawimbi yasiyo laini atasikia chaja ikivuma na kupata moto. Kama laptopu ni ya USB-C, chaja ya gari ya wati 65 iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri ya sola ni bora, tena inaokoa umeme unaopotea kwenye inveta.

Inajaa hadi 100, kisha inazima ghafla

Hapa ndipo betri inaposhtakiwa kwa haki. Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Faili la battery-report huhifadhiwa kwenye folda yako ya mtumiaji. Ukiwa umefungua kama msimamizi, litafute ndani ya System32. Linganisha mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Iliyoundwa kubeba mWh 45,000 na sasa inabeba 18,000 imebaki na asilimia 40. Juu ya 80 ni betri nzuri, kati ya 50 na 80 inavumilika, chini ya 50 ibadilishwe kama unatembea na mashine. Kwenye Linux andika upower -d. Kwenye Mac tazama idadi ya mizunguko ya kuchaji ndani ya System Information. Apple inakadiria 1,000 kwa MacBook nyingi za kisasa.

Namba zikiwa nzuri lakini inazima ikisoma 30, huenda kipimo kimepotea. Chaji hadi 100, iache saa mbili, itumie mpaka izime yenyewe, kisha chaji bila kukatiza. Fanya mara moja tu. Ikirudia, seli mojawapo ni dhaifu.

Unaponunua betri, fuata namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, kama HT03XL kwenye baadhi ya HP, badala ya jina la laptopu, maana jina moja huweza kuwa na betri za maumbo tofauti. Iwekwe dukani hapohapo na uendeshe ile ripoti kabla ya kulipa. Betri "mpya" inayoonyesha mizunguko 200, au uwezo ulio chini sana ya ulioandikwa kwenye lebo, irudi kwenye rafu.

Kutengeneza au kununua nyingine

Uamuzi unategemea sehemu iliyokufa, kisha umri wa mashine. Chaja, waya na tundu lenye waya wake, tengeneza bila kufikiri sana. Betri nayo, kama skrini, kibodi na bawaba ni salama. Tundu lililolehemewa na shoti ya kapasita moja, tengeneza kama umempata fundi wa bodi anayeeleza alichopima. Ikifikia kubadilisha bodi nzima kwenye mashine ya mitumba, mara nyingi haifai: bodi utakayowekewa nayo imetoka kwenye mashine iliyokufa, na hujui historia yake. Iliyomwagikiwa chai au soda ikaendelea kutumika kwa wiki kadhaa iko karibu na kundi hilo, kwa sababu kutu huendelea kula chini ya chipu hata baada ya kusafishwa.

Kipimo kinachofaa ni nusu ya bei. Uliza mashine kama yako, ikiwa nzima, inauzwa kiasi gani mtaani leo. Tuseme ni shilingi 600,000 za Tanzania. Jumlisha matengenezo yote inayohitaji, si ya chaji peke yake: tundu, betri iliyobaki na asilimia 40, bawaba iliyovunjika. Jumla ikizidi 300,000, fedha hiyo iwe sehemu ya kununua nyingine. Ikiwa chini, tengeneza.

Umri unaweza kubadilisha hesabu hiyo. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 au zaidi. HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T470 zimebaki nje. Kwa mashine kama hizo, shusha kipimo hadi robo ya bei, isipokuwa uko tayari kutumia Linux, ambayo huendesha T470 vizuri kabisa. T480 iko ndani ya mpaka, na kwa kuwa betri yake ya nje hubadilishwa bila bisibisi, inastahili kutengenezwa kuliko nyingi za bei yake.

Kuna njia ya katikati pia. Laptopu yenye betri mbovu isiyovimba inaweza kutolewa betri na kutumika kama kompyuta ya mezani kwa chaja peke yake, dukani au kwa watoto wa shule. Umeme ukikatika inazima papo hapo, kwa hiyo iwekewe UPS ndogo na kazi ihifadhiwe mara kwa mara. MacBook haifai kwa mpango huu. Za Intel hupunguza kasi sana zisipokuwa na betri.

Kabla ya kumkabidhi fundi, nakili data zako, na kama diski inatoka, baki nayo nyumbani. Kurekebisha chaji hakuihitaji. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker (kinga inayofunga data ya diski), tafuta ufunguo wa kurejesha kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike, kwa sababu BIOS ikisasishwa au bodi ikibadilishwa mashine huuomba. Kubaliana naye mapema kwamba spea ya zamani utarudishiwa, na dhamana ya kazi ni muda gani.

Siku ya kuchukua, nenda na mashine ikiwa chini ya asilimia 50, au mwambie fundi aishushe. Ichomeke hapo dukani, kaa nusu saa ukiitumia. Asilimia zipande, ncha isichezecheze, tundu liwe na uvuguvugu tu na si moto wa kuunguza kidole. Chomoa na uchomeke mara tatu, mara moja mashine ikiwa imezimwa. Hapo ndipo ulipe salio.